Mpigaji wa Mguu Mmoja

Ewe msomaji, besiboli si mchezo wa kwetu, lakini ugumu wake wafahamika upesi: mmoja hurusha mpira kwa nguvu, na mwenziwe mwenye gongo hana hata nusu sekunde ya kuupiga.

Mwaka 1959 kijana Sadaharu Oh, mwenye umri wa miaka 18, aliingia timu ya Yomiuri Giants mjini Tokyo, Ujapani. Mwaka ule alifanikiwa chini ya mara 2 katika kila 10. Nguvu alikuwa nazo. Kosa lake lilikuwa dogo, ila limemkaa mwilini: kabla ya kupiga alichezesha mikono, mwili ukatangulia, gongo likachelewa.

Mwaka 1962 alipata mwalimu, Hiroshi Arakawa. Huyu hakutosheka na kumkataza. Nani aliyeacha mazoea kwa kukatazwa? Alimsimamisha kwa mguu mmoja, ule wa mbele ukiwa juu, ili akikosea ayumbe papo hapo. Tena alimpa upanga akate karatasi iliyoning'inizwa kwa uzi. Fikiri, msomaji: karatasi haina uzito, ukiipiga kwa pupa hupepea tu, isikatike.

Tarehe 1 Julai 1962 alisimama hivyo mbele ya watazamaji kwa mara ya kwanza, akauvusha mpira nje ya ua wa uwanja. Mwaka huo aliuvusha mara 38, kuliko wote wa ligi yake. Alipostaafu mwaka 1980 hesabu ilikuwa 868, na katika ligi kuu za Marekani, ulikokulia mchezo huo, hakuna aliyeifikia.