Mkata, Edinburgh na Unguja: Nani Huulizwa Kuhusu Muungano?

Tarehe 18 Septemba 2014 Waskoti walipiga kura kuamua kama nchi yao ijitoe katika muungano na England uliodumu tangu 1707. Wiki mbili baadaye, tarehe 2 Oktoba, Bunge Maalum la Katiba lililokuwa Dodoma lilipitisha Katiba Inayopendekezwa. Katiba hiyo ilibakiza muundo wa serikali mbili na kuiweka kando rasimu ya Tume ya Jaji Joseph Warioba, iliyokuwa imependekeza serikali tatu. Matukio haya hayakuwa na uhusiano wowote. Hata hivyo, mtu akiyaweka pamoja hupata nafasi adimu ya kuzipima nchi mbili zilizojiuliza swali moja katika msimu mmoja, kila moja kwa njia yake.

Ninayatazama yote mawili nikiwa upande wa Mkata. Kwa asiyeufahamu, Mkata ni mji mdogo wa Handeni ulio kwenye barabara kuu ya Chalinze hadi Segera, pale inapochepuka barabara ya kuelekea Handeni mjini. Mabasi ya Tanga, Moshi na Arusha hupita hapo usiku na mchana. Mjadala wa Muungano kwa kawaida hutafutwa Unguja, Pemba, Dar es Salaam au Dodoma, wala hakuna anayekwenda kuutafuta Mkata. Lakini Muungano una pande mbili, na Mkata iko kwenye upande ambao hauna jina lake katika orodha ya serikali. Zanzibar ina Rais, Baraza la Wawakilishi, mahakama na, tangu 2005, bendera yake. Tanganyika haina hata kimoja kati ya hivyo. Vivyo hivyo Edinburgh ina Bunge na kiongozi wa serikali anayefanana na Waziri Kiongozi wa Zanzibar wa zamani, ilhali England, yenye watu wengi kuliko washirika wake wote wakijumlishwa, haina bunge lake peke yake. Katika miungano hii miwili mdogo ana nyumba yake, na mkubwa anaishi sebuleni mwa wote.

Asili zao zinatofautiana zaidi ya inavyodhaniwa. Bunge la Uskoti liliujadili mkataba kifungu kwa kifungu kwa miezi kadhaa, huku wananchi wakifanya ghasia Edinburgh na Glasgow, kisha likaupitisha Januari 1707 kwa kura 110 dhidi ya 69. Wengi wa wakubwa waliopiga kura walikuwa wamepoteza mali katika mradi wa koloni la Darien, na England iliahidi fidia ya karibu pauni 398,000. Hati za Muungano wetu zilitiwa saini na Mwalimu Nyerere na Mzee Karume tarehe 22 Aprili 1964, miezi mitatu tu baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, na siku nne baadaye udongo wa nchi mbili ulichanganywa mbele ya kamera. Bunge la Tanganyika liliridhia haraka. Kama Baraza la Mapinduzi liliridhia ipasavyo ni jambo ambalo wanasheria hawajaacha kulibishania. Kwa hiyo Waskoti hubishana kama wazee wao walinunuliwa, na Wazanzibari hubishana kama wazee wao waliulizwa.

Hata mkoa wetu wa Tanga haukuachwa nje ya ubishi huo. Harith Ghassany, katika kitabu chake cha 2010 kiitwacho Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru, anadai kwamba wakata mkonge wa Sakura walivushwa kwa majahazi kutoka Kipumbwi, pwani ya Pangani, kwenda kushiriki Mapinduzi. Wapo wanaolikubali simulizi hilo, wapo wanaolikataa. Kwangu lina uzito kwa sababu linaukumbusha ukanda wa mkonge, Korogwe ikiwamo, kwamba bahari kati yake na Unguja haijawahi kuwa ukuta. Na ni haki kusema pia kwamba muungano wa 1964 ulibeba ndoto ambayo ule wa 1707 haukuwa nayo. Nyerere aliuona kama hatua ya kuelekea umoja wa Afrika, na hofu za Vita Baridi, ambazo kweli zilikuwapo, haziifuti ndoto hiyo.

Tofauti kubwa kuliko zote ni mwelekeo wa mamlaka. Uskoti iliingia katika muungano ikabaki na sheria zake, kanisa lake na shule zake, ila ikapoteza Bunge kwa miaka 292. Kura ya maoni ya 1979 ilipata wingi mwembamba, lakini haikutosha kwa sababu ya sharti la asilimia 40 ya wapiga kura wote walioandikishwa. Ile ya Septemba 1997 iliungwa mkono na asilimia 74, na mwaka 1999 Bunge likafunguliwa tena. Zanzibar haikupoteza serikali hata siku moja. Kilichotokea ni kwamba Mambo ya Muungano yaliyokuwa 11 mwaka 1964 yaliongezeka hadi 22, na mafuta ghafi na gesi asilia yakiingizwa mwaka 1968. Mskoti wa leo anahesabu mamlaka yaliyorudi, Mzanzibari anahesabu yaliyoondoka, na ndiyo maana hata pale wanapodai kitu kilekile sauti zao hazifanani: mmoja anaomba nyongeza, mwingine anadai marejesho.

Suala la mafuta linaonyesha hilo. Miaka ya 1970 Chama cha Kitaifa cha Uskoti, SNP, kilijenga nguvu zake juu ya mafuta ya Bahari ya Kaskazini, na katika uchaguzi wa Oktoba 1974 kilipata viti 11 London. Hadi leo mamlaka juu ya mafuta hayo yako London. Zanzibar, ambayo haijachimba hata pipa moja la kuuza, ilifanikiwa pale Edinburgh ilipokwama: Baraza la Wawakilishi liliazimia mwaka 2009 mafuta yatolewe katika orodha ya Muungano, na mwaka 2016 likatunga sheria yake ya mafuta na gesi. Wale wanaodai kwamba muundo wetu haubadiliki kamwe wanapaswa kuutazama mfano huu kwa makini.

Nikija kwenye utendaji, hapa ndipo Uskoti ina la kutufundisha, na si kwa sababu serikali yake imetenda vizuri kuliko nyingine. SNP iliingia madarakani 2007 bila wingi wa viti, ikapata viti 69 kati ya 129 mwaka 2011, na ikaendelea kuongoza. Imefuta malipo ya dawa zinazoandikwa na daktari, imeendeleza elimu ya chuo kikuu bila ada kwa vijana wa Uskoti, na imeanzisha malipo ya kila wiki kwa watoto wa familia maskini. Katika kipindi hichohicho vifo vitokanavyo na dawa za kulevya vilifikia 1,339 mwaka 2020, idadi ya kutisha kwa nchi ya watu wasiofika milioni sita, na ahadi ya kuziba pengo la ufaulu kati ya watoto wa matajiri na wa maskini haikutimia. Vivuko viwili vya visiwani viliagizwa mwaka 2015 kwa pauni milioni 97. Cha kwanza, Glen Sannox, kilitakiwa kuanza kazi 2018. Kilibeba abiria wa kwanza Januari 2025. Msomaji wa Mkokotoni au Mkoani hahitaji kuelezwa maana ya kivuko kwa mtu wa kisiwani.

Wapinzani wa uhuru wakasema: wasioweza kujenga meli mbili watajengaje dola? Wafuasi wakajibu kwamba serikali isiyomiliki mamlaka yote ya kodi na kukopa haiwezi kuhukumiwa kama dola kamili. Hoja zote mbili zina uzito, na kila moja ina hila. Ya kwanza inachukulia kosa la chama kuwa kasoro ya taifa. Ya pili inamwezesha mtawala kupeleka kila lawama London. Lakini wapiga kura wenyewe walizipita zote. Julai 2024 waliishusha SNP kutoka viti 48 hadi 9 katika Bunge la London, huku uungaji mkono wa uhuru katika tafiti za maoni ukibaki karibu na nusu ya watu. Walisema mambo mawili tofauti kwa wakati mmoja: kazi yenu haituridhishi, na swali letu bado lipo. Kwangu, huo ndio ukomavu wa siasa unaostahili kuigwa.

Zanzibar imejaribu kufika hapo kwa njia ngumu zaidi. Chama kinachotawala, CCM, ndicho mlinzi wa Muungano, na hisia za utaifa wa Kizanzibari zimekaa zaidi upande wa CUF na baadaye ACT-Wazalendo. Hata hivyo mpaka huo hauko wazi kama unavyoonekana. Mabadiliko ya Kumi ya Katiba ya Zanzibar ya 2010, yaliyoitambulisha Zanzibar kuwa nchi, yalipita katika Baraza lenye wajumbe wengi wa CCM, na kura ya maoni ya Julai mwaka huo ikazaa Serikali ya Umoja wa Kitaifa, Maalim Seif Sharif Hamad akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Serikali ndogo ya Zanzibar imeweza kutangulia: Aprili 2016 ilianza kumlipa kila mzee aliyefikisha miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi bila kumtaka awe amechangia mfuko wowote. Kwa Tanzania Bara hilo halijafanyika. Uskoti nayo ilitangulia kupiga marufuku uvutaji sigara ndani ya majengo ya umma mwaka 2006, England ikafuata 2007. Serikali ya nchi ndogo ndani ya muungano mara nyingi ni mahali ambapo jambo jipya hujaribiwa, na sifa hii hutajwa kwa nadra sana.

Lakini mazuri hayo hayakuwahi kupimwa kwa utulivu. Uchaguzi wa Zanzibar hubeba mizigo mitatu kwa pamoja: nani atawale, Muungano uweje, na je, kura zitahesabiwa kwa haki. Wa 2000 ulifuatiwa na mauaji ya Januari 2001. Wa 2015 ulifutwa, na marudio ya Machi 2016 yakasusiwa na CUF. Katika hali hiyo shule, hospitali na umeme havipati nafasi ya kusikilizwa. Unguja ilipokosa umeme kwa karibu miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, baada ya hitilafu kwenye waya wa baharini, swali la nani alipaswa kujiandaa lilikuwa na majibu mengi kama zilivyo pande. Pemba, inayopata umeme wake kutoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari, inaishi ndani ya utegemezi huohuo.

Nikirudi Mkata, hali inageuka. Handeni ina kiu ya miaka mingi. Mradi wa HTM, unaochota maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe, ulijengwa miaka ya 1970, na sasa unapanuliwa katika mradi wa miji 28 unaogharimiwa kwa mkopo wa India. Maji si Jambo la Muungano. Lakini waziri wa maji wa Mkata ni waziri wa Serikali ya Muungano, na bajeti yake hujadiliwa na wabunge 50 wa majimbo ya Zanzibar pamoja na watano wanaotoka Baraza la Wawakilishi, ambao wapiga kura wao hawatakunywa maji hayo. Mbunge wa Uskoti Tam Dalyell aliuliza swali hilihili London mwaka 1977: kwa nini yeye apige kura juu ya shule za England ikiwa Mwingereza hataweza kugusa za Uskoti mara Edinburgh ikipewa bunge lake? London ilijibu mwaka 2015 kwa kuwapa wabunge wa England turufu katika sheria zinazowahusu wao peke yao, kisha ikaifuta mwaka 2021. Kwetu, kundi la wabunge la G55 lilidai Serikali ya Tanganyika mwaka 1993, na Mwalimu akalipinga waziwazi hadi hoja ikazimwa. Pande zote mbili kubwa zilijaribu kujipatia sauti, na zote zikarudi nyuma.

Si kwamba mdogo hanufaiki na nyumba ya pamoja. Gordon Brown, Mskoti, aliongoza Uingereza nzima, na Rais Samia Suluhu Hassan, Mzanzibari, aliapishwa Machi 2021 kuiongoza Tanzania. Hata Humza Yousaf, aliyeiongoza serikali ya Uskoti 2023 hadi 2024, ni mtoto wa mama aliyezaliwa Kenya. Mipaka ya nani ni wa wapi imeshavukwa na watu wenyewe.

Tofauti ya mwisho inanifanya niitetee sheria yetu. Mwaka 2014 waliopiga kura ni wakazi wa Uskoti, kuanzia vijana wa miaka 16. Asilimia 84.6 walijitokeza, na asilimia 55 kati yao wakakataa kujitoa. Wakazi wa Berwick-upon-Tweed, mji wa England ulio jirani kabisa na mpaka, hawakuulizwa. Katiba yetu, kwa upande wake, inadai theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wa Zanzibar kila msingi wa Muungano unapoguswa, na Sheria ya Kura ya Maoni ya 2013 ilitaka zaidi ya nusu ya kura kutoka kila upande. Kwa maandishi, basi, mtu wa Mkata ana haki ambayo mtu wa Berwick hakupewa. Kwa vitendo, mtu wa Berwick aliishuhudia kura ikipigwa ng'ambo ya mpaka na matokeo yakiheshimiwa, ilhali kura yetu ya maoni juu ya Katiba Inayopendekezwa, iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015, iliahirishwa. Itakapoitishwa tena, pande zote mbili ziulizwe muundo wa Muungano kwa karatasi yake peke yake, siku ambayo hakuna rais, mbunge wala diwani anayechaguliwa, ili mzee wa Wete aseme anavyoutaka Muungano bila kuonekana amempa au amemnyima mtu urais, na mama wa Mkata aseme anavyoutaka bila jibu lake kugeuzwa kuwa shukrani au lawama kwa bomba la HTM.