Mazoezi ya gofu kwa asiye na hela ya mipira: swingi na mchezo wa karibu na shimo



Wiki iliyopita kijana mmoja anayebeba mabegi pale ninapochezea alinifuata nikiwa navua viatu. Akaniambia, "Shikamoo mzee, naomba nikuulize. Mwezi ujao kuna mchujo na nafasi ziko mbili tu. Nifanye mazoezi gani na mimi sina hela ya mipira, na fimbo ninazo tatu?" Nilianza kumjibu nikajikuta naongea mpaka mbu wakatutoa. Nimeona bora niyaandike yote hapa, yeye asome na mwenye shida kama yake asome.

Niseme mapema, mimi sio mwalimu mwenye cheti. Nilianza kama kedi mwaka 1994, nikiwa na miaka 15. Klabu yetu (jina naliacha) ilitupa makedi siku moja ya kucheza, Jumatatu. Mwaka 2003 uongozi mpya ukaifuta, eti nyasi zinaumia. Jamani, nyasi hizo hizo tuliokuwa tunazimwagilia maji! Basi tukahamia kiwanja cha mpira cha shule ya jirani, vumbi tupu, na mengi ya haya nitakayoeleza tuliyafanyia pale.

Mwaka 2005 nikaenda kwenye mchujo kama huu wa kijana. Kwa kupiga mbali hakuna aliyenifikia siku ile. Lakini niliputi mara 39 kwenye mashimo 18, na shimo la mwisho mpira ukiwa futi 25 nikatumia puti tatu. Nikakosa nafasi kwa mkwaju mmoja. Mpaka leo nikipita njia ile tumbo linanguruma.

Kwa hiyo mkiona nakazania mchezo wa karibu na shimo mjue ninapotokea. Na hesabu inanisapoti. Uwanja wenye kipimo cha mikwaju 72 umehesabiwa puti mbili kila shimo. Hizo ni 36, nusu ya mchezo mzima, zote kwa fimbo moja. Ongeza na mikwaju ya kuuchipi mpira kuingia kwenye grini na ya kutoka mchangani. Sasa nenda uwanja wowote wa mazoezi uone watu wanafanya nini: draiva, draiva, draiva.

Maelezo yangu yote ni ya anayetumia mkono wa kulia. Wa kushoto, geuza.

KUPUTI

Zoezi la kwanza ni geti. Chomeka vijiti viwili vya tii ardhini, nafasi kati yake iwe pana kuliko kichwa cha fimbo kwa upana wa kidole kila upande. Weka mpira katikati ya geti, shimo liwe hatua moja na nusu mbele. Piga bila kugusa vijiti. Tiger Woods anajulikana sana kwa zoezi hili, na huwa anaanza kwa mkono wa kulia peke yake. Jaribu mkono mmoja utacheka mwenyewe, lakini baada ya siku kadhaa utaona kichwa cha fimbo kinaanza kwenda chenyewe bila kulazimishwa.

Mpira wa puti, kwa sehemu kubwa kabisa, unaondoka kuelekea unakotazama uso wa fimbo. Kwenye puti ya futi 10, uso ukikaa vibaya kwa digrii 2 tu unakutoa nje kwa karibu sentimita 10. Shimo lina upana wa milimita 108, maana yake toka katikati mpaka ukingoni ni sentimita 5 na kidogo. Umekosa, na hukuona kosa lolote kwa macho.

Kama huna grini, tumia sakafu. Weka sarafu ya shilingi 200 hatua mbili mbele na upitishe mpira juu yake. Sakafu ya saruji inakimbia sana, kwa hiyo usiitumie kujifunza nguvu, tumia kwa mwelekeo tu.

Zoezi la pili ni duara, na kama mtu angeniambia nichague moja tu maisha yangu yote ningechagua hili. Zungusha mipira kulifuata shimo, yote futi 3. Ingiza yote mfululizo, ukikosa mmoja unaanza upya. Phil Mickelson alikuwa anafanya mpaka afikishe 100 bila kukosa, alilichukua kwa mzee Jackie Burke. Sisi tulikuwa na mipira mitatu na shimo la kopo la maziwa tulilolifukia, tukaweka ishirini, na atakayeshindwa ananunua chai na maandazi ya wote. Puti kumi za kwanza unapiga huku unapiga soga. Ikifika ya 17 kila mtu kanyamaza, mikono inatoka jasho, shimo limekuwa dogo kama kifuniko cha soda. Hiyo hali ndiyo unayoitafuta. Kupiga puti mia bila chochote cha kupoteza hakukufundishi kitu kuhusu shimo la 18. Mimi mwaka 2005 nilikuwa nimepiga maelfu ya puti, lakini hakuna hata moja iliyokuwa na gharama.

La tatu ni nguvu, maana puti tatu mara nyingi hazitokani na mwelekeo, zinatokana na mpira wa kwanza kufa mbali au kupitiliza. Usilenge shimo kabisa. Weka vijiti futi 10, 20, 30 na 40. Piga mmoja wa 10, mmoja wa 30, mmoja wa 20, changanya, USIRUDIE umbali uleule mara mbili. Dave Pelz, aliyefanya kazi NASA kabla ya kuhamia gofu, alipima akafikia hesabu kwamba mpira wenye nafasi nzuri ya kuingia ni ule ambao ungekosa shimo ungesimama kama inchi 17 mbele yake, yaani sentimita 43. Chora mstari nyuma ya kijiti kwa umbali huo. Mpira ukisimama kati ya kijiti na mstari ni pointi, ukiwa mfupi ni sifuri.

KUCHIPI

Hapa tatizo la wengi ni moja: wanajaribu kuunyanyua mpira kwa viganja. Fimbo imeshatengenezwa na mwinuko wake, wewe kazi yako ni kushuka nayo. Uzito uegemee mguu wa kushoto toka mwanzo na ubaki hapohapo, mpira uwe nyuma kidogo ya katikati, mikono itangulie kidogo.

Kujua kama unadanganya, chukua ufito wa mwanzi wenye urefu wa mita moja hivi, ushike pamoja na mpini wa fimbo, ufito utokeze juu upande wa kushoto wa mbavu. Piga taratibu. Ukikunja viganja kuunyanyua mpira, ufito unakuchapa mbavu. Hauhitaji mwalimu, unakwambia wenyewe.

Ukishaacha kuchapwa, tandika taulo au kanga hatua tatu mbele. Kazi yako ni kuangusha mpira juu ya taulo, basi. Piga kwa weji, halafu ayani namba 9, halafu namba 7, wote waangukie palepale. Angalia kila mmoja unabingirika mpaka wapi baada ya kuanguka: wa namba 7 utakwenda mbali sana, wa weji utasimama mapema. Ziandike hatua hizo kwenye daftari. Aliye na fimbo tatu kama kijana wangu tayari ana mikwaju mitatu tofauti kwa swingi moja, na mwenye fimbo 14 (ndio mwisho unaoruhusiwa) mara nyingi hajui hata moja inabingirika kiasi gani.

MCHANGANI

Wengi wanaiogopa banka kuliko nyoka. Siri ni kwamba fimbo haigusi mpira, inapiga mchanga nao mchanga unautoa mpira. Chora mstari mrefu mchangani, simama mstari ukiwa katikati ya miguu, usiweke mpira. Piga mchanga kuanzia kwenye mstari, sogea hatua, piga tena, mpaka umalize mstari wote. Ukirudi kutazama, alama zote zianzie kwenye mstari au karibu nao kabisa. Zikianza huku na kule, hiyo ndio sababu mpira mmoja unabaki palepale na mwingine unavuka grini. Baadaye weka mipira kama sentimita 5 mbele ya mstari na upige mchanga uleule kana kwamba mpira haupo.

Kwa sisi wa Pwani hili halina kisingizio. Ufukwe upo. Nenda kwenye mchanga mkavu wa juu, sio ule mgumu unaolowa maji, na angalia watu wasiwe mbele yako. Seve Ballesteros alikuwa kedi kule Pedreña, Hispania, na alijifunza kwenye ufukwe kwa fimbo moja kuukuu, ayani namba 3, ambayo kwa kawaida ndio ya mwisho mtu angeichagua mchangani. Huyu huyu alikuja Nairobi mwaka 1978 akaondoka na Kenya Open, na mwaka uliofuata akachukua The Open kule Uingereza, akiwa na miaka 22. Tulikuwa tunasimuliana habari hii kule kwenye kiwanja cha vumbi kama wengine wanavyosimuliana ya Pelé.

Tahadhari moja. Kwenye mashindano usipime mchanga wala kuugusa kwa swingi ya majaribio kabla ya kupiga. Ni adhabu ya mikwaju miwili kwenye mchezo wa kuhesabu mikwaju. Mstari ni wa mazoezi tu.

SWINGI

Hapa nitapita haraka maana mengi mtayapata kwa walimu, na swingi ya mtu ni kama mwendo wake, huwezi kumnunulia mwingine.

La bure kuliko yote ni kugeuza fimbo. Shika upande wa kichwa, mpini uwe chini, piga hewa kwa nguvu. Utasikia "vuuu". Sikiliza inasikika wapi. Kwa wengi inasikika nyuma, karibu na bega la kulia, maana yake nguvu umeimaliza kabla ya kufika kwenye mpira. Itafute isikike pale mpira ungekuwa na kupita mbele. Hili hata chumbani unaweza, ila hamisha taa kwanza (yaliwahi kunikuta).

Piga pia miguu ikiwa imeungana, ayani namba 8, nusu ya nguvu. Ukitumia nguvu za kiwete utayumba, kwa hiyo mwili unajifunza wenyewe kugeuka badala ya kuruka. Na taulo dogo chini ya kwapa la kushoto, lisidondoke mpaka mpira umeondoka. Vijay Singh wa Fiji, mshindi wa Masters mwaka 2000, alijulikana kwa kufanya mazoezi ya aina hii kwa masaa.

Halafu mstari tena. Mwaga chokaa au unga kidogo kwenye nyasi, mpira ukae juu ya mstari. Kwa ayani, kipande cha nyasi kinatakiwa kikatike MBELE ya mstari. Kikikatika nyuma unakata udongo kabla ya mpira. Kwenye kiwanja chetu cha vumbi hatukuhitaji hata chokaa, kila pigo lilijiandika lenyewe. Nadhani ndio maana makedi wengi wana ayani safi, ardhi ngumu haikusamehe ukiipiga nyuma ya mpira, mikono inauma mpaka jioni.

Ukibahatika kupata ndoo ya mipira, usipige 50 mfululizo kwa fimbo moja. Badilisha fimbo na shabaha kila mpira, kama vile unacheza uwanja halisi kichwani. Utaona unapiga vibaya zaidi siku hiyo, usishtuke. Uwanjani hakuna anayekupa nafasi ya kupiga mpira uleule mara hamsini.

NILIVYOMPANGIA KIJANA

Saa moja kila jioni. Dakika 40 karibu na shimo, 20 swingi, na katika hizo 20 nyingi hazihitaji mpira. Alilalamika, "Mzee, draiva je?" Nikamwambia draiva Jumamosi, mipira kumi, imetosha.

Kila Jumapili tunafunga wiki kwa mchezo huu: chagua sehemu tisa kuzunguka grini, tatu rahisi, tatu za kati, tatu mbaya kabisa. Kila sehemu mpira mmoja tu, chipi kisha puti mpaka uingie. Kipimo ni mikwaju miwili kila sehemu, jumla 18. Andika. Hakuna kurudia, hakuna "huu haukuhesabika". Jumapili ya kwanza kijana alipata 29 akakasirika akataka kurudia, nikakataa. Mimi nilipata 24, na mgongo huu wa umri wangu.

Juzi alipata 25, mimi 25. Chai ilibidi tugawane, na mchujo umebaki wiki tatu.