Pua Iliyorudi kwa Pauni 25

Cavalier King Charles Spaniel ni mbwa wa kupakatwa. Humkaribisha mgeni kama ndugu, hucheza na watoto, na mwizi akiingia huenda akamtikisia mkia. Familia nyingi humpenda kwa sababu hiyo. Lakini anayetaka kumjua vizuri aanze na pua yake.

Miaka ya 1630, Anthony van Dyck aliwachora watoto wa Mfalme Charles I wa Uingereza wakiwa na vijibwa vyenye masikio marefu na pua iliyochongoka. Mmoja wa watoto hao alitawala kuanzia 1660 kama Charles II, na mapenzi yake kwa vijibwa hivyo ndiyo yaliyovipa jina. Mwaka 1667 Samuel Pepys aliandika katika shajara yake kwamba mfalme alikuwa akicheza na mbwa wake barazani huku shughuli za nchi zikimsubiri.

Karne ya 19 ilileta mtindo mwingine. Wafugaji walitaka uso bapa, na kizazi baada ya kizazi pua ikafupishwa. Mwaka 1926 Mmarekani Roswell Eldridge alifika Uingereza kutafuta spanieli wa kwenye picha za zamani, akamkosa. Akatangaza zawadi ya pauni 25 kwa dume bora na pauni 25 kwa jike bora mwenye pua ndefu katika maonyesho ya Crufts. Mwaka 1928 dume aitwaye Ann's Son alishinda, naye Eldridge alikuwa amekwisha kufariki. Ann's Son akafanywa kielelezo cha aina mpya, iliyotambuliwa rasmi mwaka 1945.

Pua ilirudi, lakini kwa gharama. Aina nzima ilijengwa juu ya mbwa wachache, na Vita vya Pili vya Dunia vikawapunguza zaidi. Kilichokuwa katika damu ya wachache kikawa urithi wa wengi. Vali ya upande wa kushoto wa moyo hulegea, damu ikarudi nyuma. Cavalier wengi wanaofikia miaka 10 huwa tayari wana tatizo hilo. Wengine huzaliwa na fuvu lisiloutosha ubongo, wakaishi na maumivu. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Norwei iliamua kwamba kuwazalisha kwa namna iliyozoeleka ni kinyume cha sheria ya ustawi wa wanyama.

Mfalme, mchoraji, wafugaji na Eldridge wote waliutazama uso. Moyo hauonekani pichani. Kwa hiyo anayetaka kumleta Cavalier nyumbani, kabla ya kuuliza rangi wala bei, amuulize mfugaji: mioyo ya mama, baba na babu zake ilipimwa, na walikuwa na umri gani? Ugonjwa huu huchelewa kujitokeza, na mzazi aliyepimwa akiwa mdogo hajathibitisha lolote.