Kikapu, Rambo na Marufuku ya 2019

Kwa vizazi vingi, mnunuzi wa Pwani ya Tanzania alikwenda sokoni na chombo chake. Kikapu kilitokana na miyaa: majani machanga ya mkoche huanikwa juani, huchanwa nyembamba na kusukwa ukili, kisha ukili hushonwa kwa kuzungushwa kuanzia kitakoni hadi mdomoni. Kilibeba muhogo, nazi na samaki miaka kadhaa, na kilipochakaa kilioza shambani. Mafuta ya taa yalipimwa kwenye chupa ya mnunuzi mwenyewe. Karanga zilifungwa kwenye gazeti la zamani. Taka za nyumbani zilikuwa hasa maganda, majivu na mabaki ya chakula.

Mfuko laini wa plastiki, uliokuja kuitwa rambo, ulivunja utaratibu huo. Ulitolewa bure, hata kwa nyanya tatu, na safari yake ya kwanza ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Mitaro ya Dar es Salaam iliziba, mvua zikafurisha vichochoro, na ng'ombe na mbuzi wakameza mifuko hiyo wakitafuta malisho jalalani. Huo ulikuwa uharibifu mzito mno kwa urahisi wa dakika chache.

Rwanda iliupiga mfuko huo marufuku mwaka 2008, Kenya ikafuata tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Mifuko mbadala ya kitambaa kisichofumwa iliwekewa kiwango cha angalau gramu 70 kwa mita ya mraba, ili itumike tena na tena. Hiyo huuzwa, na kwa sababu hiyo wanunuzi wengi wameanza tena kutoka nyumbani na mfuko au kikapu.