Ndege ya jeti ya zamani hujengwaje upya hadi ikaruka?

Mara nyingi tunapozungumzia ndege za kale, tunazikuta kwenye makumbusho, zimesimama. Hapa tunaeleza kisa cha ndege ya kale iliyoundwa upya ili iruke: Messerschmitt Me 262 ya Ujerumani, ndege ya kwanza ya kivita ya jeti kutumika vitani.

Me 262 iliruka kwa nguvu ya jeti pekee kwa mara ya kwanza tarehe 18 Julai 1942. Zaidi ya 1,400 ziliundwa, lakini baada ya vita zilibaki chache tu.

Mwaka 1993 mafundi wa Texas, Marekani, walianza kuunda tano mpya. Baadaye kazi hiyo ilihamia Everett, jimbo la Washington. Kielelezo chao kilikuwa ndege halisi iliyokuwa kwenye kambi ya jeshi la wanamaji huko Willow Grove, Pennsylvania. Waliifungua, wakapima vipande vyake na kuviiga, kisha wakaikarabati na kuirudisha.

Kwa nini injini haikuigwa?

Injini ya awali, Jumo 004, iliundwa wakati Ujerumani ina uhaba wa nikeli na kromi. Sehemu zilizopata joto kali zilitengenezwa kwa chuma cha kawaida kilichopakwa alumini. Kwa hiyo injini ilidumu takriban saa 10 hadi 25 tu. Rubani akiongeza mafuta kwa haraka, ingeweza kuzimika au kushika moto.

Mafundi waliamua kutumia injini za General Electric, ndogo na zenye nguvu zaidi, na kuzificha ndani ya maganda yenye umbo la Jumo. Kwa nje macho hayaoni tofauti.

Hata hivyo hatari haikuisha. Ndege ya kwanza iliruka Desemba 2002, lakini Januari 2003 mguu wa gurudumu ulikunjika wakati wa kutua, ikaharibika na kuhitaji matengenezo. Nyingine ilipelekwa Ujerumani, na mwaka 2006 iliruka kwenye maonyesho ya anga ya Berlin.

Je, ni nakala au ni Me 262 halisi? Namba zake za utengenezaji zinaendelea pale orodha ya zamani ilipoishia. Sisi tunaona jibu liko kwenye injini: kuiga kila kitu kungekuwa kuiga pia kasoro iliyohatarisha maisha ya marubani wa mwanzo.