Kalamu ya Chuma na Michungwa Saba

Marehemu baba yangu alikuwa karani katika shamba la mkonge mkoani Tanga, na mali aliyoithamini kupita zote nyumbani kwake ilikuwa kibati kidogo cha nibu. Kibati chenyewe hakikuzidi kiberiti kwa ukubwa. Ndani yake nibu zililala zimepangana kama dagaa, nyingine nyeusi, nyingine za kijivu, na mgongoni mwa kila moja palikuwa na maandishi madogo mno ya jina la mtengenezaji na neno la Uingereza. Sisi watoto tulikatazwa kukigusa. Tuliruhusiwa kutazama tu, pale alipoitoa nibu iliyochoka na kutia mpya. Nibu mpya aliipitisha upesi juu ya moto wa njiti ya kiberiti, akaipangusa, ndipo akaichovya. Nilidhani ni dawa au dua fulani. Baadaye nilikuja kujua kuwa nibu hutoka kiwandani zimepakwa mafuta zisishike kutu, na wino haukubali kukaa juu ya mafuta.

Ninaandika habari hizi kwa sababu nimepata kuulizwa mara nyingi, hasa na vijana wa nyumbani, kwa nini mzee kama mimi natembea na kalamu moja ya chuma mfukoni na kukataa kuazimisha, hali kalamu za plastiki zimejaa kila duka. Jibu langu ni refu kidogo, nami naomba msomaji anivumilie, kwani limepitia Birmingham kabla ya kufika Muheza.

Neno lenyewe kalamu linatueleza jambo. Tumelipata kwa Waarabu, nao walilipata kwa Wayunani, na huko mwanzo maana yake ilikuwa tete au mwanzi. Wazee wetu wa Lamu, Pate na Siyu waliandika tendi zao na misahafu kwa tete lililochongwa, na watu wa Ulaya waliandika kwa unyoya wa bata bukini. Vyote viwili vina aibu moja: huisha makali. Mwandishi alipaswa kuwa na kisu kando yake, na kila baada ya muda aache fikra zake hewani apate kuchonga. Kalamu za chuma zilikuwapo tangu zamani, lakini zilitengenezwa moja moja kwa mkono na sonara au mhunzi, zikawa ghali, tena ngumu, zikachana karatasi.

Mabadiliko yalikuja katika miaka ya 1820 na 1830 mjini Birmingham, mji ambao tayari ulikuwa hodari kwa vifungo, vishikizo na vitu vidogo vidogo vya madini. Watu kama John Mitchell, Joseph Gillott na Josiah Mason walitambua kuwa mashine zilezile za kubonyeza vifungo zingeweza kubonyeza nibu. Chuma cha pua kililetwa kutoka Sheffield, kikapashwa moto kilainike, kikapitishwa kwenye roli mpaka kikawa chembamba kama karatasi nzito. Kisha kilikatwa vipande vyenye umbo la nibu, kikatobolewa tundu dogo katikati, kikapindwa kupata mgongo wa mviringo, kikatiwa motoni tena na kuzimishwa ndani ya mafuta kiwe kigumu, kikapashwa tena kidogo kisiwe kikavu cha kuvunjika. Baada ya hapo kilisuguliwa ulimi ili ushike wino, na karibu na mwisho kabisa ndipo kikapasuliwa ufa, ule mstari mwembamba kuliko unywele ambao wino hushukia.

Ufa ule ndio kalamu. Vingine vyote ni maandalizi. Ukiwa mpana, wino humwagika. Ukiwa umepinda kidogo, upande mmoja wa ulimi hukwaruza karatasi kama ukucha. Nao ulikatwa na mkono wa mwanamke, kwani wengi wa wafanyakazi wa viwanda vile walikuwa wanawake na wasichana, kila mmoja kwenye mashine yake ya mkono, akipitisha maelfu ya vipande kwa siku moja. Kiwanda cha Gillott katika mtaa wa Graham kilijengwa mnamo mwaka 1839 na 1840. Katikati ya karne ile, zaidi ya nusu ya kalamu zote za chuma zilizoandikiwa duniani zilitoka katika mji huo mmoja. Mason alitajirika kiasi cha kufungua chuo cha sayansi mwaka 1880, na chuo hicho ndicho kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Birmingham mwaka 1900. Chuo kikuu kizima kilichoota kutokana na nibu! Majina ya wale wasichana waliopasua ufa hayakuandikwa juu ya jengo lolote, ingawa kazi yao ndiyo iliyokuwa ndani ya kibati cha baba yangu.

Sasa hapana budi niseme juu ya wino, kwani hapa ndipo nilipokosea mimi. Wino wa makarani, ule wa buluu iliyoelekea weusi, ulitengenezwa kwa vinundu vya mti wa mwaloni na chumvi ya madini ya chuma. Unapouandika huonekana hafifu, lakini ukipata hewa hugeuka na kukoza, ukashikana na nyuzi za karatasi. Maji hayauondoi. Ubaya wake ni kwamba una asidi, nayo hutafuna chuma. Kwa hiyo nibu ya chuma ilikuwa kitu cha kutumika wiki kadhaa na kutupwa. Walipokuja kutengeneza kalamu za wino zinazobeba wino wake ndani, kama ile ambayo Lewis Waterman wa Marekani aliipatia hataza mwaka 1884, walitia nibu ya dhahabu, wala haikuwa kwa ajili ya maringo peke yake. Dhahabu haitafunwi na asidi ile.

Mwaka 1962 baba alinunua shamba la michungwa Muheza, akaandika mkataba kwa nibu yake na wino wa ofisini, majirani wakatia dole. Mwaka 1979 jirani yetu mmoja alituuzia kipande cha kuongezea, chenye michungwa saba, kilichopakana na chetu upande wa bondeni. Wakati huo mimi nilikuwa nimekwisha maliza chuo, nina kazi na mshahara, na nilikuwa nimezawadiwa kalamu ya wino ya chuma kinachong'aa, yenye mdomo wa dhahabu. Sitaitaja jina lake kwa kuwa haikuwa na kosa. Baba aliponikabidhi karatasi niandike, alisogeza na chupa yake ya wino.

“Mwanangu, tumia huu,” alisema.

“Hapana, baba. Wino huo utaziba kalamu yangu,” nilimjibu.

Na kweli ungeweza kuiziba. Wino wa namna ile ukikauka ndani huacha masimbi yasiyotoka kirahisi. Nilitumia wino wangu mwenyewe, wa buluu ya kupendeza kama kaniki mpya, ambao juu ya chupa yake iliandikwa wazi kuwa hutoka ukifuliwa. Niliuchagua kwa sababu hiyohiyo, nisiharibu mashati yangu meupe. Baba alitazama mwandiko wangu, akausifu, akafunika chupa yake. Alifariki mwaka 1984.

Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilipotoboa bati la nyumba ya mama, maji yalishuka moja kwa moja kwenye sanduku la karatasi. Hatukujua mpaka siku kadhaa zilipopita. Mkataba wa mwaka 1962 ulikuwa umeloa chapachapa na kingo zake zimeanza kuoza, lakini kila herufi ilisomeka. Wa mwaka 1979 ulikuwa karatasi yenye wingu la buluu. Nakala ya pili haikuwapo. Jirani aliyetuuzia alikuwa amekwisha fariki, na wanawe, ambao mwaka ule walikuwa watoto wa kuchunga mbuzi, walisema hawajui habari ya kuuziana. Siwalaumu, hawakusema uongo. Wazee walikaa, wakauliza hati iko wapi, nami nikawaonyesha wingu. Michungwa saba ikarudi kwa wenyewe. Mama hakunisema hata siku moja, jambo ambalo lilinichoma kuliko kama angenisema.

Tangu hapo nilianza kuzipima kalamu kwa namna nyingine. Zamani niliuliza kama kalamu inateleza na kama inapendeza mkononi. Baadaye nikawa nauliza kwanza inaacha nini juu ya karatasi.

Kalamu ya gololi, ambayo wengi wetu tuliizoea kwa jina la biki, nilikuwa nikiidharau kama watu wote waliofundishwa kwa nibu. Walimu wetu walisema inaharibu mwandiko. Lakini historia yake inastahili heshima. László Bíró alikuwa mwandishi wa habari wa Hungary aliyechoshwa na wino unaochafua, akashirikiana na nduguye György, mtaalamu wa kemia, wakapata hataza ya Uingereza mwaka 1938, kisha wakahamia Argentina. Shida haikuwa gololi, kwani wengine walikuwa wameifikiria kabla yao. Shida ilikuwa wino: uwe mzito usivuje, lakini uwe mwepesi kiasi cha kuzungushwa na gololi. Tarehe 29 Oktoba 1945 duka la Gimbels la New York liliuza kalamu za Milton Reynolds, za aluminiamu, kwa dola 12.50 moja, na watu walijipanga wakanunua takriban 10,000 siku ya kwanza. Nyingi zilivuja. Mwaka 1950 Marcel Bich wa Ufaransa alileta ile ya plastiki ya bei ya chini, na mambo mengine msomaji anayajua kutoka mfukoni mwake.

Kalamu ninayotembea nayo ni Parker Jotter, ya chuma cha pua kisichoshika kutu tangu mdomo hadi kitufe. Ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1954, wakati huo kiwiliwili chake kikiwa cha nailoni na kofia tu ndiyo ya chuma. Mwaka 1957 waliitia gololi ya kabidi ya tangsteni, kitu kigumu sana kinachotumika pia kukatia vyuma, tena waliifanya iwe na vikwaruzo visivyoonekana kwa macho ili ishike karatasi isiteleze bure. Kwa miaka mingi zilitengenezwa pia Newhaven, Uingereza, mpaka mwaka 2009 ilipotangazwa kuwa kiwanda kile kitafungwa na kazi kuhamishiwa Ufaransa.

Je, ni nzuri? Nitasema nionavyo. Uzito wake ni wa wastani, haulemei vidole vyangu ambavyo sasa vina maumivu ya viungo. Ni nyembamba mno kwa mkono mkubwa, na chuma chake kilaini huteleza jasho linapotoka, jambo la kila siku kwetu Tanga. Hapo kalamu yenye pembe sita, kama zile za aluminiamu za Caran d'Ache ya Geneva, ni bora. Lakini nimeiangusha juu ya saruji mara nisizoweza kuhesabu, nimeikalia, na bado inabonyezeka kwa mlio uleule. Mrija ukiisha ninatia mwingine, na umbo la mrija wake limeigwa na viwanda vingi hata si lazima kununua wa Parker. Kubwa kuliko yote, wino wake ni wa mafuta. Nimeulowesha karatasi kwenye ndoo usiku kucha nikaianika, na maneno yakabaki. Adui yake ni jua: nimeona risiti iliyobandikwa dirishani dukani ikipauka mpaka haisomeki. Karatasi ya sandukuni haioni jua.

Kijana mmoja aliwahi kuniletea hadithi ile ya barazani, kwamba Wamarekani walitumia mamilioni kutengeneza kalamu ya kuandikia angani na Warusi wakatumia penseli. Si kweli. Paul Fisher aliitengeneza kwa fedha zake mwenyewe, yenye mrija uliojazwa hewa ya nitrojeni ili isukume wino, na NASA ilinunua 400. Warusi nao walinunua 100 mwaka 1969. Ni kalamu njema ya chuma, huandika hata ukiielekeza juu, lakini mimi siandikii darini.

Mwaka 2011 wale watoto wa jirani, sasa watu wazima wenye familia, walitaka kuuza kipande cha bondeni. Tulikinunua mara ya pili. Michungwa mitano tu ilikuwa imebaki, miwili kati yake imezeeka. Niliandika mkataba kwa kalamu ya chuma, nakala tatu, kila neno kwa kukandamiza, nikampa mkubwa wao kalamu atie sahihi. Alitia sahihi zote tatu, akaibonyeza, akaitazama, akaichomeka mfukoni mwake na kuanza kuaga. Nilisimama mlangoni nikamwambia, “Ndugu yangu, shamba ni langu, na kalamu pia.” Tulicheka sana, na mama, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka, akaomba asomewe mkataba wote tangu mwanzo.