Jinsi ya kuchagua vifaa vya kufungulia bolti zilizoshikwa na kutu

KATIKA maeneo ya majanichai ya Kericho na Bomet, mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na barabara nyingi za kuelekea vituo vya kununulia majani ni za murram. Maji na matope hujipenyeza katika nyuzi za bolti zilizo chini ya gari, chuma kikashikwa na kutu na nati ikakataa kuzunguka. Isitoshe, magari mengi huagizwa yakiwa yamekwisha kutumika Japani, na yale yaliyotoka sehemu za theluji, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi, huenda yakafika tayari yameanza kuliwa na kutu.

Kwa mkulima mwenye pikapu, tatizo hilo si dogo. Majani mabichi hayakai. Yanapaswa kufika kiwandani siku iyo hiyo. Gurudumu lililopasuka ambalo nati zake hazifunguki laweza kumpotezea mavuno ya siku nzima.

Jambo la kwanza ni spana ya kipimo sahihi. Magari ya Kijapani hutumia milimita, hasa 8, 10, 12, 14, 17, 19 na 21. Trekta kuukuu za Massey Ferguson na Land Rover za zamani hutumia inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hivyo spana ya 13 huingia lakini hucheza, na hatimaye hula pembe za bolti.

Kwa bolti ngumu, soketi yenye pembe sita ni bora kuliko yenye pembe kumi na mbili, kwa kuwa hushika pande zote za kichwa. Isipopatikana, spana ya ringi hufaa. Spana ya mdomo wazi hushika pande mbili pekee, na yafaa iachiwe bolti ambazo zimekwisha kulegea.

Kifaa cha pili ni mpini mrefu usio na meno ya kuzungukia ndani. Mpini wa sentimita 60 hutoa nguvu maradufu ya ule wa sentimita 30, kwa msukumo ule ule wa mkono. Wengi huongeza bomba la chuma kwenye spana, lakini yapasa kuwa waangalifu: bolti inayofunguliwa kwa spana ya 10 kwa kawaida ina unene wa milimita 6 tu, na bomba laweza kuikata mara moja.

Kabla ya kutumia nguvu, uchafu usuguliwe kwa brashi ya waya, kisha nyuzi zipulizwe mafuta ya kupenya kutu na kuachwa kwa saa kadhaa, ikiwezekana usiku kucha. Dizeli husaidia pia, ingawa hupenya polepole zaidi. Mafuta hayo yasiguse kamwe sehemu za breki zinazosuguana. Kugonga kichwa cha bolti kwa nyundo huvunja kutu, na kuikaza kidogo kabla ya kuifungua mara nyingi huiachilia.

Moto huifanya nati ipanuke na kulegea, lakini haufai karibu na tangi la petroli, mipira au mabomba ya breki. Kazi hiyo ni afadhali aachiwe fundi wa gereji.

Aidha, yafaa kuhakikisha mwelekeo. Nati nyingi hufunguka kinyume cha mwendo wa saa, ila katika baadhi ya malori ya Kijapani, nati za magurudumu ya upande wa kushoto hufunguka kwa kufuata mwendo wa saa. Anayeongeza nguvu bila kujua hilo huzidi kuzikaza.

Katika miteremko ya nyanda hizo za juu, gari liegeshwe mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe na magurudumu yawekewe mawe. Nati za gurudumu zilegezwe kidogo likiwa bado chini, ndipo jeki itumike. Mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee. Liwekewe stendi madhubuti.

Wakati wa kurejesha gurudumu, nati zikazwe kwa kupishana, si kwa kuzunguka duara. Kwa magari mengi madogo ya Toyota, kipimo ni niutoni-mita 103. Nati zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100, kwani iliyolegea ni hatari kuliko iliyoshikwa na kutu.